Wasichana wa Butere na Jukwaa la Nakuru

Ilikuwa Alhamisi, tarehe 10 Aprili 2025, siku kumi hivi baada ya Idi, na baadhi yetu huku pwani tulikuwa bado tumo katika funga ya sita za Mfunguo Mosi, zilipotufikia habari za Nakuru. Wasichana wa Shule ya Upili ya Butere, kutoka Kakamega, waliingizwa ukumbini katika Shule ya Wasichana ya Kirobon asubuhi mapema ili waonyeshe mchezo wao mbele ya waamuzi wa mashindano ya taifa. Viti havikuwa na watu. Nje, polisi walikuwa wamekwisha kuwatawanya wananchi na waandishi wa habari kwa gesi ya machozi. Wasichana wakasimama kwenye jukwaa, wakauimba Wimbo wa Taifa, kisha wakageuka wakatoka. Mchezo wenyewe hawakuucheza.

Basi ni jambo gani hili, ndugu msomaji, la watoto wa shule kulindwa na polisi kama kwamba wamebeba baruti?

Kwanza yafaa tuyajue mashindano yenyewe, kwani wengi wetu huyasikia tu watoto wanapokuja nyumbani kuomba nauli na kanga za kuchezea. Mashindano ya michezo ya kuigiza ya shule na vyuo vya Kenya yalianza mwaka 1959, zama za ukoloni, na siku hizo yalikuwa ya Kizungu kwa lugha na kwa watu. Baada ya uhuru yakawa ya Waafrika, na leo hakuna mkusanyiko mwingine wa fasihi unaowavuta vijana wengi namna hiyo katika nchi hii. Kila mwaka katika muhula wa kwanza shule hushindana karibu na kwao, zishindazo hupanda hadi kaunti, kisha mkoa, na mwezi wa Aprili wakati wa likizo hukutana katika mji mmoja uliochaguliwa kwa zamu. Huko huwa kuna tamthilia, ngoma za kubuni, hadithi za kusimuliwa, mashairi ya mtu mmoja na ya kundi, na siku hizi filamu pia. Ada ni kwamba washindi huja wakaonyesha kazi zao mbele ya Rais.

Mwaka 2025 zamu ilikuwa ya Nakuru. Mji huo wa Bonde la Ufa, uliopandishwa daraja ukawa jiji mwezi Desemba 2021, si mgeni kwetu. Watu wa pwani walifika huko na reli, na mtaa wa Bondeni una Waislamu wa siku nyingi. Na Nakuru ina jumba lake la michezo ya kuigiza. Kwa hivyo si kwamba mgeni alikwenda kwa wasiojua sanaa.

Sasa tuje kwenye kiini. Mchezo wa Butere ulikuwa wa Kiingereza, jina lake "Echoes of War", maana yake mwangwi wa vita. Wahusika wake ni watu wa nchi ya kubuni iliyotoka vitani, vijana na wazee wao hawasikizani, na vijana wanataka kujua utawala umeifanyia nini nchi. Kila aliyeusikia habari zake alikumbuka Juni 2024, pale vijana wa Kenya walipojaza barabara kuupinga mswada wa fedha, wakaingia bungeni tarehe 25, na kesho yake Rais akauondoa mswada huo. Mwandishi wa mchezo ni Cleophas Malala, aliyepata kuwa seneta wa Kakamega, na hadi Agosti 2024 alikuwa katibu mkuu wa chama kinachotawala. Kufikia Aprili 2025 alikuwa amehamia upande wa upinzani.

Mchezo ukazuiliwa usifike mashindano ya taifa. Watu wakaenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaamuru wasichana waruhusiwe kucheza. Wakapelekwa Nakuru. Usiku wa tarehe 9 Malala alipokuwa akienda kuonana nao kwa mazoezi ya mwisho, polisi wakamkamata. Kesho yake akaachiliwa bila ya kushtakiwa kwa lolote. Hapo katikati ndipo wasichana walipoamshwa kwenda kucheza, mwalimu wao wa mchezo hayupo, watazamaji hawapo, na moshi wa gesi uko nje.

Waziri wa Elimu, Bwana Julius Ogamba, alikuwa na hoja yake, na si haki tuipite bila ya kuitazama. Alisema Malala si mwalimu, ni mwanasiasa, na akauliza ana kazi gani na wanafunzi. Mzazi yeyote atatikisa kichwa kwa kukubali. Mtoto wangu nimempeleka shule asome, sikumpeleka awe kipaza sauti cha mtu aliyegombana na wenzake katika chama. Msichana wa miaka 16 akipewa maneno makali ya kusema, na mwenye kuyaandika ana haja zake za kura, nani atamlinda yule msichana baadaye? Swali hili lina uzito, na wale waliomshangilia Malala kama shujaa hawakulijibu.

Lakini hoja hiyo yenyewe ina tundu. Yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya pazia la mashindano hayo ajua kwamba shule nyingi huwaajiri waandishi na waelekezi wa kutoka nje. Hiyo ni kazi, na kuna watu wapatao riziki kwayo kila muhula wa kwanza. Hawaulizwi cheti cha ualimu mchezo wao unapokuwa wa kusifu miradi ya maendeleo. Na hata tukikubali kosa lilikuwa la mtu mzima, mbona gesi ikapigwa kwenye uwanja wa shule ya wasichana? Amri ya mahakama ilisema wachezeshwe. Mchezo wa kuigiza bila ya watazamaji ni kama maulidi yasiyo na waitikiaji. Wakubwa walidhani wameitii amri kwa kuwafungulia wasichana mlango wa ukumbi mtupu. Wasichana wakaona hila hiyo upesi kuliko mawakili.

Tena jambo hili si geni kwa Butere. Mwaka 2013 shule hiyohiyo, na mwandishi huyohuyo kabla hajawa seneta, ilizuiliwa na mchezo uitwao "Shackles of Doom", uliogusa ukabila na ugavi wa mali ya nchi. Okiya Omtatah akaenda mahakamani, na Jaji David Majanja akaamua kwamba marufuku yale hayakuafikiana na Katiba. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 33, imetaja waziwazi uhuru wa ubunifu wa sanaa. Kwa hivyo waliozuia mwaka 2025 hawakuwa na udhuru wa kutojua. Sheria ilikwisha kusomwa kwa sauti miaka 12 nyuma, tena kwa ajili ya wasichana wa shule ileile.

Sisi watu wa pwani tuna sababu yetu ya kulitazama jambo hili kwa jicho kavu. Abdilatif Abdalla wa Mombasa alikuwa kijana wa miaka 22 alipokamatwa mwishoni mwa mwaka 1968 kwa waraka wake wa kuuliza Kenya inakwenda wapi. Akafungwa miaka 3, na mashairi aliyoyatunga kifungoni yakatoka mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata yakapewa tuzo lenye jina la Rais yuleyule ambaye serikali yake ilimfunga. Alamin Mazrui, wa Mombasa pia, aliandika tamthilia ya Kilio cha Haki, ikachapishwa 1981, na mwaka 1982 akawekwa kizuizini. Huko bara, Ngũgĩ wa Thiong'o na wanakijiji wa Kamiriithu walinyang'anywa ruhusa ya kucheza mchezo wao mwezi Novemba 1977. Mwisho wa mwaka mwenyewe akawekwa ndani bila ya kushtakiwa, na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa. Ngũgĩ alifariki Mei 2025, wiki saba tu baada ya mkasa wa Nakuru.

Tofauti ni moja, nayo yanitia wasiwasi. Hao walikuwa watu wazima waliojua hatari wakaichagua. Wa Nakuru ni watoto wa bweni waliofundishwa mistari.

Naam, walifundishwa. Na hapa ndipo ninapoona wengi walioandika juu ya mkasa huu wamepita mbio. Watu wamegombania mchezo: ni wa Malala au ni wa shule, ni sanaa au ni siasa. Lakini kile kilichoonekana jukwaani asubuhi ile hakikuandikwa na Malala, maana yeye alikuwa mikononi mwa polisi. Kuimba kisha kuondoka ni uamuzi wa wasichana wenyewe, na katika kazi zote zilizopelekwa Nakuru mwaka ule, pengine hiyo ndiyo iliyokuwa yao kwa hakika. Aliyesema kwamba hawana akili yao, wametiwa maneno tu, naye atazame pale walipokuwa hawana maneno ya mtu.

Na tazama walichochagua kuimba. Wimbo wa Taifa ni dua, tangu neno la kwanza ni kumuomba Mungu. Mahadhi yake yametoka kwetu, Mto Tana, kwa Wapokomo, katika wimbo wa mama wa kumbembeleza mtoto. Mzee Meza Galana ndiye aliyeutoa, na miongoni mwa watu watano waliokaa mwaka 1963 kuutengeneza alikuwamo Thomas Kalume, mtu wa pwani. Hakuna polisi awezaye kumkamata mtu kwa kuuimba, na adabu yamtaka asimame wima akiusikia. Sijui kama wasichana waliyapima yote hayo, lakini wamewasimamisha wima waliokuja kuwanyamazisha, kwa wimbo wa kulaza mtoto.

Mimi katika ujana wangu nilisimama jukwaa kama hilo, na shairi la kundi. Nakumbuka miguu ilitetemeka, nikasahau ubeti mzima, mwenzangu akanidakia. Hofu yetu ilikuwa waamuzi na kucheka kwa shule jirani. Nikiuliza leo vijana wa shule za Kisauni na Malindi, wanaambia hofu ya mwalimu ndiyo kubwa kuliko ya mtoto. Mwalimu aandikaye mchezo anajua kazi yake iko chini ya tume, na kwamba anaweza kuitwa kueleza kwa nini mfalme wa kwenye mchezo alikuwa mwizi. Hapana haja ya kupiga marufuku mchezo wa pili. Atajikatia mwenyewe.

Huko ndiko mambo yanakoelekea, nami naona ni hasara kuliko gesi. Mashindano haya ni miongoni mwa mahali pachache ambapo mtoto wa Lamu na wa Butere na wa Nakuru husikizana kwa sanaa na kupimwa kwa kipimo kimoja. Wakiletwa wote na michezo ya kusifu barabara na hospitali, watajifunza nini juu ya nchi ambayo wataipigia kura baada ya miaka miwili? Serikali ikitaka kuwalinda watoto na wanasiasa, kuna njia iliyo nyoofu: iandike kanuni ya waandishi kabla ya mashindano kuanza, iwe moja kwa wote, kwa msifuji na kwa mlaumu, na mchezo uliokwisha kupita mikoa uachwe uchezwe mbele ya watu na waamuzi watoe alama zao. Ukiwa mbaya utashindwa. Michezo mingi hushindwa kila mwaka, na watoto hulia kwenye basi, kisha wakafika nyumbani wakasahau.