Ruzuku kwa Kaya Maskini: Utafiti Waonesha Uzito wa Mkutano wa Kijiji

Swali la iwapo fedha taslimu zinazotolewa kwa kaya maskini huleta tija au hutapanywa limejadiliwa kwa miaka mingi. Tanzania ni miongoni mwa nchi zilizotafuta jibu lake kwa utafiti badala ya hisia.

Kabla ya Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini kuenea nchini, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, TASAF, uliendesha jaribio katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Kati ya vijiji 80, vijiji 40 vilianza kupokea ruzuku mwaka 2010 na 40 vilibaki kuwa vya kulinganishia. Mgawanyo huo ulifanyika kwa bahati nasibu, ili tofauti ambayo ingeonekana baadaye itokane na ruzuku yenyewe. Walengwa walitakiwa kuwapeleka watoto shuleni na kliniki.

Hadi kufikia mwaka 2012, kaya zilizolipwa zilikuwa zimejiunga kwa wingi zaidi na Mfuko wa Afya ya Jamii, zimewanunulia watoto viatu na kuongeza mifugo, wakiwemo kuku na mbuzi. Mahudhurio ya kliniki yalipanda mwanzoni, kisha yakapungua huku hali ya afya ikiimarika.

Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 kutokana na jaribio hilohilo ulibaini jambo lisilotarajiwa na wengi. Katika vijiji vilivyopokea ruzuku, imani ya wananchi kwa viongozi wa kuchaguliwa iliongezeka, hususan pale ambapo mikutano ya kijiji ilikuwa ikifanyika mara nyingi zaidi tangu awali. Kwa watendaji wa kuteuliwa, mabadiliko yalikuwa madogo.

Matokeo hayo yanaashiria kuwa fedha hujenga imani zaidi pale mwananchi anapojua zimetoka wapi, nani amestahili na kwa vigezo gani. Penye ukimya, hata malipo halali huzua minong'ono.

Sheria inautaka Mkutano Mkuu wa Kijiji ufanyike angalau mara moja kila baada ya miezi mitatu. Hapo ndipo mwananchi anapoweza kuhoji jina lililoachwa au lililoingizwa isivyostahili. Kiongozi asiyeitisha mkutano huo, na mwananchi asiyehudhuria, wote wanapunguza thamani ya ruzuku hata kabla haijamfikia mlengwa.