Chetambe Haitoshi Kuachiwa Kitabu cha Hobley

BONDE LA NZOIA
Na Nasimiyu Wekesa

Mwaka 1895 Wabukusu na Watachoni walijikusanya katika boma la Chetambe, juu ya kilima kinachotazama Mto Nzoia pale Webuye, wakachimba handaki kulizunguka. Ngome yao nyingine, Lumboka, ilikuwa imeshaanguka. Kikosi cha Waingereza kilipanda kutoka Mumias, makao ya mtawala wao C. W. Hobley, kikiwa na askari wa Kisudani, Waganda na Wamaasai. Kilikuwa pia na bunduki ya rashasha. Wenyeji walitegemea mikuki na mishale zaidi. Hobley aliishi hadi akachapisha kumbukumbu zake mwaka 1929. Simulizi za waliokuwa ndani ya handaki, wanawake na watoto wakiwamo, zilibaki midomoni mwa watu.

Bado zipo. Mzee mwenye wajukuu akishazikwa, Wabukusu humwita mtu wa kumuse. Huyu hutoka katika koo maalumu. Hushika fimbo, akatembea huku na huko katikati ya waombolezaji walioketi, akitaja koo, mashujaa, vita na njia tulizohamia. Hakuna anayemkatiza wala kupita mbele yake. Ni saa nyingi za historia, na jioni watu hutawanyika bila yeyote kuandika hata mstari.

Hata miaka ina mahali pa kushikia. Rika zetu nane za tohara, Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikeu, Nyange, Maina, Chuma na Sawa, huzunguka karibu karne nzima. Mzee akikwambia babu yake alitahiriwa na rika gani, umepata kipindi. Marehemu Profesa Gideon Were alizichukulia simulizi za namna hii kama ushahidi, akatoa historia ya Abaluyia mwaka 1967. Tumeendelea polepole mno tangu hapo.

Kitale tunayo makumbusho yaliyotokana na mkusanyiko wa wadudu, ndege na vitabu wa mlowezi Hugh Stoneham, aliyeanzisha makumbusho yake binafsi mwaka 1926. Yalifunguliwa kwa umma mwaka 1974. Vipepeo wa bonde hili wametunzwa kwa subira kubwa. Sauti za wazee wake zinastahili subira hiyohiyo. Kaunti za Bungoma na Trans Nzoia ziajiri vijana wanaojua Kibukusu na Kitachoni, wawarekodi wazee na kuweka nakala Kitale, shule zizipate.

Wapo watakaosema kumuse ni jambo takatifu. Ni kweli, ndiyo maana familia iombwe ruhusa kwanza, na ikikataa, kinasa sauti kizimwe. Wengine wataogopa ugomvi, kwa kuwa Mbukusu na Mtachoni hawaisimulii Chetambe sawasawa. Simulizi zote mbili zirekodiwe, kila moja na ukoo wa msimulizi wake. Na anayekwenda kuuliza asiishie kwa wanaume: awaulize bibi walisikia nini kuhusu wanawake waliotekwa siku Chetambe ilipoanguka, walipelekwa wapi, na nani alirudi.