Maji Yenye Harufu ya Esansi



Mwezi uliopita, kisha ibada, mama mumoja alinivuta pembeni. "Pasta, mayi ya puwi yetu inanuka sawa esansi. Natokosha, natia na klore, harufu iko tu." Lupango yao iko nyuma ya sitasio ya zamani, labda hatua sitini. Watoto wake wanakunywa maji ile, na majirani wanakuja kuchota.

Sitaficha kosa langu. Nilitia maji katika chupa ya plastiki, nusu chupa, nikaiacha dirishani siku tatu, kisha nikaipeleka kwa laboratware. Fundi aliifungua, akanitazama. "Pasta, kile unachotafuta kimekwisha kuruka." Ndani ya esansi kuna kitu kinachoitwa benzeni, nacho kinaruka hewani upesi sana. Ndicho kinachotuogopesha, maana mutu akikinywa ao akikivuta muda murefu kinaweza kumuletea kansa ya damu. Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) limeweka mupaka: miligramu 10 tu katika litri 1.000 za maji. Sasa fanyeni hesabu pamoja nami. Kama benzeni ni sehemu moja kwa mia ya esansi, litri moja ina gramu 7 hivi. Hiyo inatosha kuharibu litri 700.000, ni kusema fito 3.500 za litri 200. Kwa litri moja tu!

Na pua haitoshi. Maji yanaweza kupita mupaka bila harufu. Klore inaua vijidudu, haiondoi benzeni. Ukitokosha, inatoka kwa maji inaingia jikoni, na mama aliyebeba mutoto mugongoni anaivuta. Ninyi vijana munaosafisha visima kwa kupata pesa kidogo, sikieni vizuri: kisima kikinuka esansi, musishuke, musiteremushe taa wala kiberiti. Moshi ule unaangusha mutu chini kabla hajaita musaada, na unawaka.

Namna gani esansi inafika kule? Tanki ya chuma iliyofukiwa miaka mingi inakuliwa na kutu. Mara nyingine tanki ni nzima, ni bomba ndiyo inavuja. Esansi inashuka katika udongo mupaka kwenye maji, inaelea juu yake sababu ni nyepesi, na sehemu yake inachanganyika na kutembea pamoja na maji. Maji ya chini yana mutelemuko wake, kwa hiyo jirani wa upande wa juu anaweza kukunywa maji safi na wewe hapana. Ndiyo maana wafundi wanatoboa matundu matatu ao zaidi, yasiyokuwa kwa mustari mumoja, wanapima urefu wa maji kwa kila tundu, na hapo wanajua yanaelekea wapi. Udongo wanautoa kidogo kidogo kwa kushuka, zaidi karibu na mabomba na pale juu kidogo ya maji, wanaufunga upesi katika chupa.

Maji nayo yanatiwa katika chupa ndogo ya kioo, mupaka kujaa kabisa. Ukiigeuza usione hata povu moja la hewa. Inaandikwa siku, saa na pahali, inawekwa katika sanduku lenye barafu, pamoja na chupa ingine ya maji safi inayosafiri nayo ili kuonyesha kwamba uchafu haukuingia njiani. Tupime tena wakati wa mvua na wakati wa jua, maana maji yanapanda na kushuka.

Sitasio ikiwa ya zamani, muombe wapime na risasi katika udongo, kwa sababu esansi yenye risasi iliuzwa katika Afrika yetu ya kusini mwa Sahara mupaka kuingia mwaka 2006. Lakini hapa kwetu kwenye madini, metali zinaweza kutoka pahali pengine kabisa. Wachukue na udongo wa mbali na sitasio walinganishe, ama mwenye sitasio atasema, "Si mimi, ni mugodi," na hamutakuwa na jibu.

Musiwaze kwamba hii ni shida ya mafukara. Katika 1996 muji wa Santa Monica, kule Marekani, ulifunga visima na kupoteza karibu nusu ya maji yake, sababu ya dawa iliyochanganywa na esansi. Walijua kwa sababu walikuwa wanapima.

Inchi yetu ina sheria ya mazingira tangu 2011 na sheria ya maji tangu 2015. Wababa wa mutaa wakaandika barua, nami nikatia sahihi. Tuliomba kitu kidogo kwanza: daftari ambamo mulinzi wa tanki anaandika kila asubuhi kipimo cha fimbo, tulinganishe na esansi iliyouzwa. Kama inapungua bila kuuzwa, inaenda wapi?

Mara ya pili tulichukua maji vizuri. Jibu lilipita mupaka wa OMS. Mama alifunika puwi kwa mbao, sasa watoto wanachota kwa bomba ya mbali, na wanafika masomoni wamechelewa. Daftari hatujaliona. Tumeandika barua ya pili.