Elektrodi Laini au ya Kukwaruza?

Nyumba kongwe za Bagamoyo zilijengwa kwa mawe ya matumbawe. Jiwe la namna hiyo lina vishimo vingi, hata uso wake halisi ni mpana kuliko udhaniwavyo kwa kupima urefu na upana tu. Ndivyo ilivyo elektrodi iliyokwaruzwa. Jambo hilo lina uzito kwa watafutao kupata hidrojeni kutoka kwenye maji kwa nguvu ya jua, kazi iliyopata msukumo mkubwa mwaka 1972, Fujishima na Honda wa Japani walipotangaza matokeo ya elektrodi ya titani dioksidi iliyomulikwa.

Katika nyuzijoto 25 za Selsiasi, kutenganisha maji huhitaji angalau volti 1.23. Kwa vitendo huhitajika zaidi, kwa kuwa mmenyuko husita kwenye uso wa elektrodi. Uso wa kukwaruza huugawa mkondo katika eneo kubwa, na volti za ziada hupungua.

Hata hivyo, wadhanio kwamba kukwaruza zaidi ni faida zaidi wamekosea. Katika elektrodi ifyonzayo mwanga, chaji zilizotenganishwa na jua huweza kuungana tena penye kasoro za uso kabla ya kuyafikia maji. Kuongeza uso huweza kuongeza kasoro hizo. Pwani kuna adui wa pili. Maji ya bahari yana magnesiamu na kalsiamu. Karibu na kathodi maji huwa na hali ya besi, na madini hayo hujitenga yakawa ukoko mweupe uzibao vishimo vile vile vilivyotarajiwa kuleta faida. Kwenye anodi nako huweza kutoka klorini, gesi ya sumu.

Kwa hiyo yafaa watafiti wa pwani waanze na maji ya pwani. Shule nazo zisisubiri, ila zitumie maji yaliyotoneshwa yenye sodiamu salfeti, mahali penye hewa na mbali na moto. Vibamba viwili vya chuma kisichoshika kutu, kimoja laini na kimoja kilichopigwa msasa, vitumiwe kwa zamu kuwa kathodi, anodi ikiwa kaboni. Volti zisibadilishwe, ammita isomwe. Mkondo ukilinganishwa kwa makusudi, gesi nayo italingana, na tofauti ya nyuso haitaonekana katika gesi.

Mwanafunzi aliyeyaona hayo hataridhika kuuliza uso upi ni bora. Atauliza: bora katika maji gani?