Maji ya Kuzimia Moto Nayo Yaulizwe Yanakokwenda

Gari likiwaka barabarani macho yote huwa kwenye moto. Watu husogea, simu huinuliwa, na zimamoto wakifika hupimwa kwa jambo moja tu: wameuzima au wameshindwa. Leo nawaomba tuinamishe macho, tuyatazame maji yanayotoka chini ya gari hilo na kufuata mteremko hadi mtaroni. Kwa gari la petroli tumezoea kutoyajali, na hata hapo hatukuwa sawa. Kwa gari la umeme, kutoyajali ni kosa tutakalolila na kulinywa.

Betri ya gari la umeme ni seli mamia, pengine maelfu, zilizofungiwa ndani ya kasha gumu chini ya sakafu. Seli moja ikiharibika hupata joto, hupasuka, hutoa gesi zinazowaka, na jirani yake hushika. Maji ya mpira hupiga bodi na kasha. Ndani hayafiki kwa urahisi. Kwa hiyo kazi kubwa ya zimamoto hapo ni kuipoza betri mpaka itulie, na kupoza kunakula maji. Tarehe 19 Agosti 2024 lori la umeme la Tesla liliacha barabara huko Emigrant Gap, California, likagonga mti na kuwaka. Zimamoto walimwaga galoni 50,000, karibu lita 190,000. Gari la zimamoto lenye tangi la lita 5,000 lingehitaji kujazwa mara 38. Hata baada ya hapo, mabaki yalilindwa saa 24 yasije yakawaka upya. Hofu hiyo haikuwa ya bure: mwaka 2018, huko huko California, gari la umeme lililopata ajali Mountain View liliwaka tena siku tano baadaye, likiwa limeegeshwa kwenye yadi ya magari yaliyovutwa.

Watafiti wa taasisi ya Empa ya Uswisi walichoma sehemu ya betri ya gari ndani ya handaki la majaribio la Hagerbach, wakakusanya maji. Mwaka 2020 walitoa majibu: uchafu wa kemikali katika maji ya kuzimia ulizidi mara 70 kiwango ambacho sheria ya Uswisi inaruhusu kwa majitaka ya viwandani, na katika maji ambamo betri iliyoungua ilihifadhiwa ili ipoe ulifika mara 100. Masizi yake yalijaa kobalti, nikeli na manganizi. Wakaonya kwamba maji hayo yasiingie kwenye mfereji wa majitaka kabla ya kusafishwa.

Waswisi wana sababu ya kuwa waangalifu. Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz liliungua Schweizerhalle, karibu na Basel. Moto ulizimwa, ila maji yaliyouzima yalibeba viuatilifu hadi mto Rhine, mto ukageuka mwekundu, na mikunga wakafa kwa maelfu. Ghala lile lilikuwa na kemikali za kila namna, lakini njia ni ile ile: yanayoipeleka sumu ya moto mtoni ni maji ya mwokoaji mwenyewe.

Sasa tuje nyumbani. Nairobi mabasi ya umeme yanabeba abiria tangu 2022, na pikipiki za umeme zimezagaa Kigali. Dar es Salaam nako magari ya umeme yanaingia, tupende tusipende. Gari kama hilo likiwaka Kariakoo, maji yake yataingia mtaro wa mvua, mtaro utayapeleka bonde la Msimbazi, na bondeni kuna watu wanamwagilia mchicha. Mchicha huo hauna cheti cha kuonyesha umenyweshwa nini; unafungwa fungu, unapandishwa sokoni, jioni uko sahanini. Maji yanayobaki yanapita Daraja la Salenda na kuishia baharini.

Wapo watakaosema namtisha mnunuzi wa gari la umeme. Hapana. Takwimu za Norway na Sweden zinaonyesha kwamba magari ya umeme huwaka mara chache kuliko ya petroli na dizeli, na maegesho ya uwanja wa ndege wa Luton, Uingereza, yaliyoteketea Oktoba 2023, moto wake ulianzia kwenye gari la dizeli. Lakini uchache huo una hatari yake: kikosi kisichokutana na jambo hili hata mara moja kwa mwaka hakitajifunzia kazini. Lazima kifunzwe kabla.

Na kifunzwe nini? Kwanza, kwamba kuna siku ya kutomwaga maji. Gari likiwa peke yake uwanjani, hakuna mtu ndani wala nyumba jirani, kamanda anaweza kuliacha liungue, akawaondoa watu upande unakoelekea upepo kwa sababu moshi wake una haidrojeni floridi, akapoza yaliyo pembeni tu. Wananchi watapiga kelele kwamba zimamoto wamesimama wanaangalia. Kamanda asiyumbe. Chini ya ghorofa zenye watu uamuzi ni mwingine: maji yamwagwe, ila askari wawili wawe kazini kwenye mtaro, na mifuko ya mchanga na turubai, wakiziba.

Waholanzi wana njia ninayoipenda. Machi 2019, mjini Breda, BMW i8 iliyokuwa ikifuka moshi ilinyanyuliwa kwa winchi, ikatumbukizwa kwenye kontena la maji na kuachwa saa 24. Maji machache, na sumu yote imebaki sanduku moja. Renault nao wameweka tundu kwenye kasha la betri ambalo mpira wa zimamoto huingiza maji moja kwa moja ndani, na mwaka 2025 wakaruhusu watengenezaji wengine kulitumia bure. Wanaoandika masharti ya kuingiza magari nchini walisome hilo. Ila sisi wa pwani tusidanganywe na wingi wa maji ya bahari: baada ya kimbunga Ian, Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyozama kwenye maji ya chumvi yaliwaka yenyewe siku zilizofuata.

Waheshimiwa madiwani wa Dar es Salaam, karakana ya mabasi ya mwendokasi ilijengwa Jangwani, bondeni, na mafuriko mnayajua. Msirudie kwa vituo vya kuchajia. Ramani ionyeshe shimo la kukinga maji kabla kibali hakijatoka, na baraza la taifa la mazingira, NEMC, walikague kwa miguu. Wakuu wa vituo vya polisi nanyi, gari la umeme lililogongwa lisibanwe katikati ya mabaki mengine uani. Lipeni nafasi ya mita 15 kila upande. Na maji yakishakingwa yanyonywe: magari ya kunyonya majitaka yamejaa mjini. Namba za madereva wake zibandikwe leo kwenye chumba kinachopokea simu za zimamoto, 114, na madereva waelezwe mapema kwamba mzigo huo wa maji ya moto hauendi kumwagwa mabwawa ya majitaka ya Vingunguti. Unakaa ndani ya tangi mpaka Mkemia Mkuu wa Serikali aupime.