Ndoto Iliyotugharimu Saruji

Msimamizi wangu wa tasnifu ameandika kwa wino mwekundu pembeni mwa sura ya pili: "Huu ni usurealisti. Sema hivyo." Sisemi.

Sura hiyo inahusu hazina ya Rumanyika, mfalme wa Karagwe. Mwaka 1876 Stanley alionyeshwa nyumba ya hazina hiyo, akaorodhesha bata wenye mabawa ya shaba na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Naelewa kinachomvutia msimamizi wangu. Ng'ombe asiye na kichwa angependeza sana kwenye ukumbi wa maonyesho Paris. Lakini André Breton alitoa ilani ya usurealisti mwaka 1924, miaka arobaini na minane baadaye. Tangu lini babu akarithi jina la mjukuu?

Wanasema jina halidhuru. Linadhuru. Breton, aliyesomea udaktari na kumsoma Freud, aliitafuta ndoto kama mlango wa akili iliyojificha ndani ya mtu mmoja. Nyumbani kwetu Kyerwa, ndoto ni barua ya ukoo. Bibi alimwota babu amekaa nje, mvua inamnyeshea. Asubuhi, kabla hata ya chai, akawaita wanawe wote. Kaburi la babu lilikuwa bado udongo mtupu, na kila mmoja wao alishaahidi kulijengea. Ndoto ile ilitugharimu mbuzi wawili na mifuko minne ya saruji. Hakuna aliyemwuliza bibi anaficha nini moyoni. Waliofichuliwa ni wanawe.

Niwatendee haki wasurealisti. Mwaka 1931 waliwataka watu wasiende kwenye Maonyesho ya Makoloni ya Paris, na huo ulikuwa ujasiri. Mwaka huohuo Breton na Paul Éluard waliuza kwa mnada mkusanyiko wao wa sanamu za Afrika, Amerika na Oceania. Ndivyo inavyokuwa: kitu kikishaitwa ndoto tu, hakimdai mtu tena, na kinauzika.

Hiyo ndiyo hofu yangu. Nikiwaita ng'ombe wa Rumanyika usurealisti, nitapata alama, nao watabaki mtindo. Nani aliwafua, kwa ajili ya nani, na wakidai nini kwa walio hai? Maswali hayo yatafungwa kwa neno moja la Kifaransa.

Sura nairudisha ilivyo. Chini ya wino mwekundu nimeongeza mstari mmoja: bei ya mifuko minne ya saruji.