Ishara za Kidole Zipimwe Mitole

Huduma zetu zinahamia kwenye simu za kupangusa, na simu hizo zinazidi kupoteza vitufe. Mwaka 2017 Apple ilitoa iPhone X isiyo na kitufe cha mwanzo. Miaka miwili baadaye Android 10 ikaja na utaratibu wa kurudi nyuma kwa kutelezesha kidole kutoka ukingoni mwa kioo. Wabunifu wanasema ishara hizi za kidole badala ya vitufe ndizo urahisi. Nauliza: urahisi wa nani? Mkulima wa ufuta wa Mitole, wilayani Kilwa, anauza mazao yake kwa stakabadhi ghalani, malipo yanaingia kwenye akaunti, na akitaka kujua kama yameingia anashika simu.

Kiwango cha kimataifa cha ISO 9241-11 hakikisifu kifaa hivi hivi. Kinataka tutaje mtumiaji ni nani, anataka kufanya nini, na yuko katika mazingira gani. Ndipo tupime kama amefanikiwa, kwa juhudi kiasi gani, na kama ameridhika. Kwa kipimo hicho, programu iliyofaulu kwa kijana wa ofisini Posta, Dar es Salaam, inaweza kufeli Mitole ikiwa ile ile.

Tuanze na kidole chenyewe. Kioo cha simu hutambua mguso kwa sababu mwili wa binadamu unapitisha umeme. Ngozi iliyokomazwa na jembe na kukaushwa na vumbi inaupitisha kwa shida. Jasho nalo likidondoka juu ya kioo, simu inasoma mguso ambao haupo. Ongeza jua la saa saba mchana na mwanga wa kioo uliopunguzwa ili chaji ifike jioni. Hapo kidole kikiteleza kidogo tu, ukurasa umefungwa, na mwenye simu hajui amefanya nini.

Hata hivyo, ishara zina wema wake, tena mkubwa. Mzee asiyejua kuandika anabonyeza alama ya kipaza sauti kwenye WhatsApp, anashikilia, anaongea na mwanawe aliyeko mjini, anaachia, ujumbe umekwenda. Kitochi cha kawaida, yaani simu ndogo ya vitufe, hakikumpa uhuru huo. Lakini kidole kile kile kikisogea upande akiwa bado anaongea, maneno yote yanafutika. Menyu za namba za kutuma pesa, kama *150*00#, nazo si malaika: zinataka kusoma, na ukichelewa zinakatika uanze upya. Ila namba za kuchagua zinaonekana, na mtu anaweza kuzikariri au kumsomea jirani.

Kuonekana ndiyo hoja kuu. Mwaka 2010 wataalamu wa usanifu Don Norman na Jakob Nielsen waliandika kwamba violesura vya ishara vimerudi nyuma, kwa kuwa vimetupa misingi ya siku nyingi: mtumiaji aone kinachowezekana, apate jibu la alichofanya, na aweze kukitengua.

Namna ya kupima nayo inanitia wasiwasi. Ukifika kijijini na simu mpya ukauliza, "Mmeipenda?", utajibiwa ni nzuri sana. Watu wa pwani hawamvunji mgeni moyo. Mpe mama kazi: aangalie salio, atume pesa, akosee makusudi kisha ajitoe mwenyewe bila kumwita mjukuu. Wewe nyamaza uangalie kidole chake kinasita wapi. Rudi baada ya wiki mbili, maana wengi hawaifungui huduma ya pesa kila siku, uone amekumbuka nini. Ishara isiyokumbukwa ni sawa na mlango usio na kitasa.

Kwangu hukumu ni hii: ishara ibaki njia ya mkato kwa aliyeizoea. Amri yoyote inayogusa pesa, mazao au kitambulisho cha mtu iwe na kitufe kinachoonekana, chenye maandishi ya Kiswahili, na nafasi ya kutengua. Benki, kampuni za simu na taasisi za serikali zinazoandaa programu kwa ajili ya wakulima, msizime menyu za namba kabla hamjakaa Mitole na watu watakaozitumia programu hizo.